Eneokazi limefunguka lakini haliitiki: uchambuzi wa kisa cha kompyuta inayosubiri seva isiyokuwepo

Mtumiaji anaandika nywila, picha ya mandharinyuma inatokea, saa inaonekana pembeni, ikoni zimejipanga. Kwa macho, kompyuta imekwisha kuwaka. Anabofya Start, kimya. Anabofya folda, kimya. Kishale cha kipanya kinatembea vizuri tu, ila kila kikifika kwenye upau wa kazi kinageuka kiduara kinachozunguka. Ikoni saba za eneokazi zimebaki karatasi nyeupe zisizo na picha. Dakika karibu nne zinapita hivyo, kisha kila kilichobofywa kinafunguka kwa mkupuo: menyu ya Start, folda ileile mara tatu, kivinjari mara mbili. Kuanzia hapo mashine ni nyepesi mpaka jioni. Kesho yake, hadithi ileile.

Mashine yenyewe ni kompyuta mpakato yenye Windows 10 toleo la 22H2, RAM ya GB 8, na diski ya SSD ya SATA ya GB 256 ambayo zaidi ya nusu yake iko wazi. Si mashine ya kifahari, lakini haina sababu ya kuwa nzito kiasi hicho.

Kabla kisa hakijachunguzwa kwa utaratibu, dawa za kawaida zilikuwa zimeshamalizwa. Programu zinazojiwasha zimezimwa zote kwenye Task Manager. Faili za muda zimefutwa. Antivairasi imepitisha ukaguzi kamili na haikukuta kitu. RAM imeongezwa kutoka GB 4 hadi 8. Muda wa kusubiri haukupungua hata sekunde tano. Hilo peke yake ni ushahidi mzuri ambao watu wengi hawautumii: ukipunguza mzigo wa mashine kwa kiasi hicho na kucheleweshwa kukabaki palepale, basi mzigo haukuwa tatizo. Kompyuta inayochelewa iko katika moja ya hali mbili. Ama inafanya kazi nyingi, ama inasubiri kitu. Kwa mtumiaji hali hizo hufanana kabisa, lakini matibabu ya moja hayaigusi nyingine.

Kupima kwanza

Neno "inachelewa kuwaka" halimsaidii fundi. Muda unagawanywa vipande vitatu na kila kimoja kinapimwa kwa saa ya simu: kutoka kubonyeza kitufe cha umeme hadi sehemu ya kuandika nywila, kutoka nywila hadi mandharinyuma kuonekana, na kutoka mandharinyuma hadi Start kuitika. Kipimo kifanywe baada ya Restart, si baada ya Shut down. Tangu Windows 8, Shut down ya kawaida huhifadhi kiini cha mfumo kwenye faili ya hiberfil.sys na kukirudisha kama kilivyokuwa, ndiyo maana huitwa Fast Startup. Restart ndiyo inayoanza upya kwa kweli.

Kwenye mashine hii vipande vilikuwa sekunde 14, sekunde 6, na dakika 3 na sekunde 56. Vipande viwili vya kwanza ni vya mashine yenye afya. Ubovu wa diski, kumbukumbu ndogo au dreva mbaya kwa kawaida ungejionyesha mapema, wakati mfumo unasoma mamia ya faili kabla hata ya nywila. Hapa ugonjwa unaanza pale Explorer inapoanza.

Explorer, yaani explorer.exe, si dirisha la kutazamia mafaili tu. Programu hiyohiyo ndiyo inayochora eneokazi, upau wa kazi na kitufe cha Start. Uzi wake (mfululizo mmoja wa kazi ndani ya programu) unaopokea mibofyo ukizuiliwa na jambo moja, vyote hivyo vinaganda pamoja. Mibofyo haipotei, inapanga foleni, na uzi ukiachiliwa hutekelezwa yote kwa mkupuo. Zile folda tatu zilizofunguka kwa pamoja zilikuwa tayari zinaeleza hilo. Mashine iliyoelemewa hufungua vitu kimoja kimoja kwa kujikokota; mashine iliyokuwa inasubiri huvifungua vyote papo hapo.

Kuangalia ndani wakati imeganda

Uchunguzi lazima ufanyike ndani ya zile dakika nne, na hapa wengi hukwama kwa sababu Start haifunguki na Win+R nayo ni ya Explorer. Njia iliyo wazi ni Ctrl+Shift+Esc. Mchanganyiko huo haupitii Explorer, kwa hiyo Task Manager hufunguka hata eneokazi likiwa limeganda. Ikikataa, Ctrl+Alt+Del huleta skrini ya usalama, na Task Manager imo humo.

Kwenye kichupo cha Performance namba zilikuwa hivi: prosesa asilimia 2 hadi 4, diski asilimia 1 hadi 3, kumbukumbu asilimia 38. Kompyuta iliyoganda ilikuwa haina kazi. Kama diski ingekuwa asilimia 100, au prosesa imepanda na kukaa juu, kisa kingekuwa kingine kabisa na makala haya yangechukua njia nyingine.

Swali linalofuata ni: inasubiri nini? Windows ina chombo cha kulijibu ambacho hata mafundi wazoefu hawakigusi. Kwenye kichupo cha Details, bofya explorer.exe kwa kitufe cha kulia na uchague Analyze wait chain. Maandishi yaliyotokea yalikuwa haya:

One or more threads of explorer.exe are waiting to finish network I/O.

Maana yake, uzi mmoja au zaidi wa Explorer umetuma ombi kwenye mtandao na unangoja jibu. Hakuna aliyekuwa ameushuku mtandao, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amefungua kitu chochote cha mtandao.

Kilichobaki ni kujua ombi linakwenda kwa nani. Kwenye Task Manager hiyohiyo, chagua File, kisha Run new task, andika cmd, na ndani yake:

netstat -ano | findstr SYN_SENT

SYN_SENT ni hali ya muunganisho uliobisha hodi bila kujibiwa. Mstari uliotoka ulionyesha anwani 10.20.0.15, poti 445, na namba ya mchakato ni 4. Poti 445 ni ya kushirikiana mafaili kwenye Windows. Mchakato namba 4 ni System wenyewe, na hapo watu hupotea: wanatafuta mstari wa explorer.exe, hawauoni, wanaamua mtandao hauhusiki. Maombi ya mafaili ya mtandao hupitia kwenye kiini cha mfumo, kwa hiyo mstari huandikwa jina la kiini hata kama aliyeomba ni Explorer. Rudia amri mara kadhaa kwa mshale wa juu na Enter, kwa sababu kila mstari hudumu sekunde chache kisha hupotea na mwingine kuzaliwa. Usishangae pia kuona anwani ileile kwenye poti 139 au 80. Windows ikikosa jibu kwa mlango mmoja hujaribu mingine.

Anwani 10.20.0.15 ilikuwa ya seva ya mafaili iliyoondolewa. Nyaraka zilihamishiwa seva mpya, seva ya zamani ikazimwa, na kila mtu akaonyeshwa mahali papya. Kompyuta hakuna aliyeziambia.

Kwa nini kimya kinakula dakika nne

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kompyuta isigundue mara moja kwamba seva haipo. Jibu liko kwenye namna TCP, kanuni ambayo kompyuta hutumia kufungua muunganisho, inavyobisha hodi. Windows hutuma pakiti ya kwanza na kusubiri sekunde 3. Isipojibiwa hutuma ya pili na kusubiri 6. Kisha ya tatu na kusubiri 12. Jumla ni sekunde 21 kabla ya kukata tamaa. Huo ndio mpangilio wa kawaida uliozoeleka kwa miaka mingi, na ingawa thamani hizo hubadilika kati ya matoleo, ukubwa wa muda ni huo.

Sekunde 21 hutumika pale tu panapokuwa na kimya. Kama kompyuta ya upande wa pili ipo lakini imekataa, jibu la kukataa hurudi upesi. Kama anwani iko kwenye mtandao uleule wa ndani na haina mwenyewe, kompyuta huuliza "nani mwenye anwani hii?", haipati mtu, na ndani ya sekunde chache inajua. Hali mbaya kuliko zote ni ya kisa hiki: anwani iko nje ya mtandao wa ndani, kwa hiyo pakiti hupewa ruta, ruta huipeleka mbele kwa uaminifu, na huko mbele inapotea bila mtu kurudisha habari. Ndiyo sababu mpakato huu ulikuwa mzito hata ukiwa kwenye mtandao mwingine kabisa: popote ulipo, ruta hupokea pakiti ya 10.20.0.15 na kuitupa kimyakimya.

Dakika 3 na sekunde 56 ni sekunde 236. Toa sekunde 5 za kawaida za Explorer kujipanga, zinabaki 231, ambazo ni 21 mara 11. Yaani kulikuwa na hodi kumi na moja, moja baada ya nyingine. Explorer hujaribu kusukuma baadhi ya kazi hizi kwenye nyuzi za pembeni ili eneokazi lisigande, lakini si zote zinazosukumwa, na nyuzi zinazogombania rasilimali moja huishia kungojana.

Windows ina historia ya kuchelewa kwa namna hii. Windows 7 ilikuwa na hitilafu ambapo ukiweka rangi moja tu kama mandharinyuma badala ya picha, skrini ya kukaribisha ilikaa sekunde 30 kila unapoingia. Hakukuwa na kazi yoyote iliyokuwa ikifanyika; mfumo ulikuwa ukingoja taarifa ya picha ambayo haikuwepo.

Ushahidi uliopotosha

Windows huweka rekodi ya muda wa kuwaka kwenye Event Viewer: Applications and Services Logs, Microsoft, Windows, Diagnostics-Performance, Operational. Tukio namba 100 lina muda wote kwa milisekunde. Matukio 101, 102 na 103 hutaja kwa jina programu, dreva na huduma zilizochelewesha. Ni mahali pazuri pa kuanzia visa vingi, na ni mahali palipomdanganya kila aliyekishika kisa hiki.

Tukio 100 lilisema MainPathBootTime 20412 na BootPostBootTime 24100. Jumla, sekunde 44.5. Mtumiaji anasubiri dakika nne na zaidi, rekodi inasema chini ya dakika moja. Wapo waliohitimisha kwamba mtumiaji anatia chumvi.

Tatizo ni maana ya kipimo. Sehemu ya PostBoot huhesabiwa mpaka mashine ikusanye sekunde 10 za utulivu, na utulivu maana yake ni prosesa kuwa na nafasi ya asilimia 80 au zaidi. Mashine inayosubiri mtandao ina utulivu mwingi mno. Kwa kanuni za rekodi ilikuwa imemaliza kuwaka, ilhali upau wa kazi umeganda. Kwa hiyo tofauti kubwa kati ya muda wa tukio 100 na saa ya mtumiaji ichukuliwe kama dalili ya kusubiri, wala si kosa la mtumiaji.

Majaribio mawili ya kuthibitisha

Kabla ya kufuta chochote, dhana ijaribiwe. La kwanza ni la dakika moja: zima Wi-Fi au chomoa kebo ya mtandao ukiwa bado kwenye skrini ya nywila, kisha ingia. Bila mtandao, Explorer huambiwa papo hapo kwamba njia hakuna, na haisubiri. Eneokazi la mashine hii liliitika baada ya sekunde 6. Ni jaribio rahisi kiasi kwamba lingefaa kuwa la kwanza kwa kila mashine inayoganda baada ya nywila.

La pili ni kutenganisha mfumo na akaunti. Tengeneza akaunti mpya ya kawaida, ingia, toka, kisha uingie tena na upime mara hiyo ya pili. Mara ya kwanza haihesabiki kwa sababu Windows inajenga mafaili ya akaunti. Akaunti mpya iliitika ndani ya sekunde 5 mtandao ukiwa umewashwa. Basi ugonjwa uko kwenye mipangilio ya mtumiaji mmoja, na hakuna haja ya kusakinisha Windows upya. Kusakinisha upya kungeponya, kweli, na kila mtu angeamini kwamba Windows ilikuwa imechakaa.

Kutoa miiba

Miiba ni kila kitu kwenye akaunti hii ambacho bado kinaelekea seva iliyozimwa. Anza na viendeshi vya mtandao, yaani folda za seva zilizopewa herufi kama diski. Fungua Command Prompt ya kawaida, bila haki za msimamizi, na uandike net use. Neno "bila" lizingatiwe: mtumiaji anapopandishwa kuwa msimamizi, Windows humpa kikao chenye orodha yake ya viendeshi, na kiendeshi unachokitafuta kinaweza kisionekane humo. Orodha ilionyesha Z: ikielekea \\10.20.0.15\nyaraka, hali Unavailable. Amri ya kukiondoa:

net use Z: /delete

Kikigoma, au kikirudi baada ya kuingia tena, funguo yake iko kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) chini ya HKEY_CURRENT_USER\Network, ikiwa na jina la herufi, yaani Z. Hifadhi nakala ya funguo kwa Export kisha uifute. Kama kompyuta iko kwenye domeni (mtandao wa ofisi unaosimamiwa kutoka seva) na kiendeshi kinafufuka hata baada ya hapo, kinaletwa na sera au skripti ya kuingilia; gpresult /h ripoti.html hutoa ukurasa unaoonyesha sera ipi inakileta, na marekebisho hufanywa huko, si kwenye mashine.

Baada ya Z: kuondoka, kipande cha tatu kikawa dakika 3 na sekunde 15. Wengi hukata tamaa hapa. Kiendeshi kimetolewa, nafuu ni sekunde 41 tu, basi huenda dhana ilikuwa mbovu. Lakini 41 ni kama 21 mara mbili. Hodi mbili zimetoka, tisa zimebaki. Pale unapojua ukubwa wa kipande kimoja cha kusubiri, kila nafuu inakuambia umetoa vingapi.

Zile ikoni nyeupe zilikuwa zinajieleza tangu mwanzo. Njia ya mkato inaweza kufungua programu iliyo kwenye C: lakini picha yake ikawa imehifadhiwa kwenye seva. Kutazama Target (kile inachofungua) peke yake hakutoshi; angalia na mahali ikoni inapochukuliwa. Mistari hii ya PowerShell huorodhesha vyote viwili:

$w = New-Object -ComObject WScript.Shell
$d = [Environment]::GetFolderPath('Desktop')
Get-ChildItem $d -Filter *.lnk | ForEach-Object { $s = $w.CreateShortcut($_.FullName); "$($_.Name) | $($s.TargetPath) | $($s.IconLocation)" }

Njia saba za mkato zilikuwa na ikoni kwenye \\10.20.0.15\nyaraka\ikoni. Mtu fulani, kwa nia njema, alitaka kila kompyuta iwe na picha zinazofanana, akaziweka mahali pamoja. Dawa ni kunakili faili za .ico kwenye folda ya ndani, kisha kwa kila njia ya mkato kufungua Properties, Change Icon, na kuielekeza huko. Kama njia ya mkato yenyewe inaelekea seva ya zamani, ifute na uitengeneze upya. Usitegemee kwamba kuondoa herufi Z: kumeiua: faili ya .lnk huhifadhi herufi ya kiendeshi pamoja na jina kamili la seva na folda.

Pima tena: sekunde 48. Zimetoka hodi saba, kama hesabu inavyotaka. Zimebaki mbili.

Hizi mbili ndizo zilizochukua muda mrefu kupatikana, kwa sababu eneokazi lilikuwa safi. Programu zilizobandikwa kwenye upau wa kazi nazo ni njia za mkato, zimewekwa tu mahali pengine:

%AppData%\Microsoft\Internet Explorer\Quick Launch\User Pinned\TaskBar

Jina la Internet Explorer kwenye njia hiyo ni mabaki ya zamani na halihusiani na kivinjari. Badilisha $d kwenye mistari ya juu iwe "$env:AppData\Microsoft\Internet Explorer\Quick Launch\User Pinned\TaskBar" na uendeshe tena. Njia mbili zilitoka na ikoni za seva ileile. Zikabanduliwa, zikabandikwa upya kutoka kwenye programu za ndani. Sekunde 5.

Kati ya hatua moja na nyingine si lazima kuwasha kompyuta upya. Kwenye Task Manager, bofya Windows Explorer kwa kitufe cha kulia na uchague Restart. Upau wa kazi utatoweka na kurudi, na kama bado kuna hodi za ikoni utaziona. Ila viendeshi vya mtandao huunganishwa wakati wa kuingia, kwa hiyo kipimo cha mwisho kifanywe kwa kutoka na kuingia tena.

Mahali pengine pa kuchungulia

Mashine hii ilikuwa na miiba mahali pa aina tatu. Nyingine huwa nayo kwingine, na inafaa kujua pa kutazama kabla ya kusema dhana imeshindwa. Folda za mtumiaji zenyewe zinaweza kuwa zimehamishiwa seva: HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\User Shell Folders, angalia thamani za Desktop na Personal. Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote, maana Explorer haiwezi kuchora eneokazi bila kulisoma, na usiibadilishe kabla ya kuhakikisha mafaili ya mtumiaji yako wapi. Printa zilizounganishwa kupitia seva ya zamani huonekana kwa amri ya Get-Printer. Programu zinazojiwasha zikiwa na njia inayoanza kwa \\ huonekana kwa urahisi kwenye Autoruns ya Sysinternals, ambayo hutia rangi ya njano kwenye mistari ambayo faili yake haipatikani. Na echo %PATH%, orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu, ichunguzwe: folda ya mtandao ikiwa mwanzoni mwa PATH, kila programu inayotafutwa kwa jina tu huanza kutafutwa kwenye seva iliyokufa.

Kama mashine ni nyingi, kuzipitia moja moja ni adhabu. Kuna njia mbili za kununua muda. Kama viunganisho vilitumia jina la seva, jina hilo lielekezwe kwenye seva mpya kupitia DNS (mfumo unaogeuza majina kuwa anwani). Kama vilitumia anwani ya namba, kama hapa, ruta iwekewe kanuni ya kukataa pakiti za anwani hiyo kwa kujibu, badala ya kuzitupa. Kompyuta zote hupata jibu la haraka na kuendelea. Kwenye mashine moja, kanuni kama hiyo huwekwa kwa PowerShell yenye haki za msimamizi:

New-NetFirewallRule -DisplayName "Seva ya zamani" -Direction Outbound -RemoteAddress 10.20.0.15 -Action Block

Ombi linazuiliwa ndani ya kompyuta yenyewe, kwa hiyo hakuna kusubiri. Ni bandeji. Iandikwe mahali na iondolewe kwa Remove-NetFirewallRule -DisplayName "Seva ya zamani" kazi ikiisha, kwa sababu siku anwani hiyo ikipewa kifaa kipya, mtu atahangaika kwa saa nyingi akitafuta kwa nini hakifikiki.

Kama namba zingesema kingine

Diski ikiwa asilimia 100 na ni diski ya kuzunguka, si SSD, hakuna fumbo: diski ya aina hiyo humudu maombi madogo yaliyotawanyika kama mia moja hivi kwa sekunde, na wakati wa kuwaka huletewa maelfu. Kuibadilisha kwa SSD ndiyo tiba. Diski ikiwa asilimia 100 lakini kasi ya kusoma iko karibu na sifuri, fungua Event Viewer, Windows Logs, System, na utafute tukio 7, 129 au 153. Hayo ni malalamiko ya diski kushindwa kusoma au kuchelewa kujibu. Soma S.M.A.R.T. yake (rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea; C5 na C7 ni namba za vipimo vyake): C5 ikipanda, sekta zinaharibika, nakili data leo. C7 ikipanda peke yake, kosa mara nyingi liko kwenye kebo ya SATA au mguso wake, na kubadilisha diski ni kutupa pesa. Kukwama kukitokea hata Wi-Fi ikiwa imezimwa, huku prosesa na diski vimetulia, mshukiwa ni kiendelezi cha Explorer kilichopachikwa na programu fulani, na programu ya ShellExView hukuwezesha kuzima vile visivyo vya Microsoft kwa mafungu mpaka kipatikane.

Kiendeshi kipya kwenye mashine ya kisa hiki kiliwekwa kwa jina la seva, wala si kwa namba:

net use N: \\faili\nyaraka /persistent:yes

Baada ya siku moja likaja lalamiko dogo: eneokazi liko sawa, ila dirisha la kwanza la mafaili kila asubuhi hukaa sekunde kama 20 na mstari wa kijani ukijaa juu. Ishirini na moja tena. Kwenye Quick access kulikuwa na folda ya seva ya zamani iliyobandikwa, na Explorer huigusa pale tu dirisha linapofunguliwa, ndiyo maana haikuhesabika kwenye zile kumi na moja. Ilibanduliwa kwa Unpin from Quick access. Kama ingegoma, ingebidi kufunga Explorer na kufuta f01b4d95cf55d32a.automaticDestinations-ms ndani ya %AppData%\Microsoft\Windows\Recent\AutomaticDestinations, hatua inayofuta na vibandiko vyote vingine, kwa hiyo mtumiaji aulizwe kwanza anavyovihitaji ni vipi.